Petroli ya Mkwe

Vespa inayokokotwa ina kelele kuliko inayoendeshwa. Ukiipanda, unapita, watu huambulia mgongo wako tu. Ukiikokota, kila baraza lina haki ya kuuliza. Asubuhi ile Talib aliikokota yake kutoka Darajani mpaka Malindi, kikapu cha samaki kikining'inia usukanini, na kabla hajaifikia kona ya nyumba yake, habari ilikuwa imeshafika, imekaa kitako na imeshapewa kahawa.

"Sheikh Talib!" Mansour alimpokea kutoka barazani, kikombe mkononi. "Tumeambiwa umenunua baiskeli."

"Imezima tu."

"Imezima? Mimi nimeambiwa imelia kama mbuzi wa Idi, ikakaza gurudumu katikati ya njia, na gari la muhogo likakukosa kwa unywele."

"Basi unajua kuliko mimi niliyekuwa juu yake."

"Ndiyo kazi ya baraza hiyo, bwana. Mwenye jambo ana shughuli, hawezi kujiangalia."

Wakacheka wote waliokaa. Talib naye akacheka kidogo, cheko la mtu anayelipa kiingilio, akaipitisha vespa mlangoni.

Mansour huyu alikuwa fundi cherehani. Macho yalipomchoka aliacha kushona nguo, akabaki kuwashonea watu majina, na mshono wake haukufumuka. Abdulwahid wa nyumba ya kona aliteleza zamani na sinia la biriani kwenye harusi ya watu. Tangu siku hiyo akawa Sinia, na hata alipofariki, wageni waliokuja kuzika walikuwa wakiulizia njia ya kwenda kwa marehemu Sinia. Mtaa ule ulikuwa na huruma nyingi. Ulimpelekea mgonjwa uji, ulimchangia mfiwa, ulimlea yatima. Jina tu ndilo haukulisamehe.

Ukumbini Talib aliegemeza vespa ukutani akachukua spana. Ilikuwa vespa ya zamani, iliyomzidi umri bintiye Shahida, nayo haikupata kulala kwa fundi. Tangu enzi alipokuwa akiendesha winchi bandarini, kila Ijumaa baada ya sala alitandika gunia, akafungua, akasafisha, akafunga, huku wenzake wamelala. Alifungua plagi sasa, akaitazama kwenye mwanga wa mlango. Ncha yake ilikuwa nyeupe kama mfupa uliokaa juani, alama ya injini iliyoungua.

Akafungua tangi. Lilikuwa limejaa hadi shingoni. Hapo akasita, maana yeye alipoondoka kwenda matangani Pemba aliliacha likikaribia kukauka. Alichovya kidole, akasugua kwa dole gumba. Petroli ikaruka, na vidole vikabaki vikavu, havitelezi.

Vespa ya namna ile haina pahala pake pa oili. Oili yake huinywa humo humo ndani ya petroli, kama chumvi ndani ya mchuzi, na Talib aliichanganya mwenyewe kwenye dumu kabla ya kumimina. Ukiitilia petroli tupu inakwenda, tena kwa raha zake, mpaka chuma kianze kulana na chuma.

"Mama Shahida!"

"Abee!" Bi Rukaiya aliitikia kutoka uani, na nyuma yake zikasikika sauti za wanawake wengine wawili watatu, kwani nyumba ya Bi Rukaiya haikupata kukosa watu, alikuwa akisema chai ya peke yake humpa kiungulia.

"Nani kaitia vespa petroli?"

"Si mkweo!" Alitokeza akifuta mikono kwenye kanga, uso umemchangamka. "Pikipiki yake kaiacha huko Kiwengwa kazini, na Shahida siku yake ya kliniki. Nkampa ufunguo. Ungekuwapo wewe ungemnyima?"

Talib alirudisha kifuniko cha tangi, kwa sababu angemnyima.

"Na alivyoirudisha sasa! Kaipangusa inang'aa, kaijaza mpaka juu. Nkamwambia, mwanangu, ya nini yote hayo? Akanambia, mama, sahani ya watu hairudi tupu."

Talib akakaa juu ya ngazi. Katika mji ule, sahani iliyokuja na visheti hurudi na chochote: ndizi mbili, gao la sukari, hata ndimu. Kuirudisha tupu ni kumwambia jirani kuwa hukufunzwa. Mwanangu yule amefunzwa, alijisemea. Angalikuwa mtovu wa adabu, angaliirudisha na tangi lile lile la kukauka, na leo injini ingekuwa nzima.

"Kaiua," alisema.

Bi Rukaiya alitia mkono kinywani. Alitazama vespa, akatazama mlango wa mbele, ambako Mansour alikuwa akihadithia habari ya mbuzi wa Idi kwa watu wapya.

"Usimwambie," alinong'ona.

"Masoud?"

"Masoud kama Masoud, lakini huyo wa nje ndiyo kabisa! Wewe hujui hesabu nnayopiga mimi?"

Aliijua. Masoud, mumewe Shahida, alikuwa akifanya kazi katika hoteli moja ya Kiwengwa, kitengo cha kutandika vyumba, na alijua kukunja taulo likawa bata mwenye shingo. Siku za harusi yao, katika kutafuta la kuzungumza na baraza, masikini ya Mungu akalisema hilo mwenyewe. Hakumaliza kahawa kabla Mansour hajamwita Bwana Bata. Tangu hapo alikuwa akija ukweni kwa kichochoro cha nyuma, kisha akawa haji sana, na Shahida naye, kwa kumfuata mumewe, ziara zake zikapungua. Sasa Shahida ana mimba ya mwanzo, na mimba ya mwanzo hurudi kwa mama: mtoto azaliwe hapa, arubaini ikaliwe hapa. Masoud alikuwa hajakataa. Alikuwa amesema tu, "Tutaona, mama," na Bi Rukaiya alilijua "tutaona" la mtu anayechekwa mlangoni.

"Akiongezwa jina la pili," alisema Bi Rukaiya, "atamzalisha mkewe huko huko kwao Mwembeladu, nasi tutakwenda kumwona mjukuu kama wageni, na vikapu mikononi."

Ukumbi ulikuwa finyu na wenye giza, kwa hiyo kazi ilibidi ifanywe nje, mbele ya macho ya watu. Talib aliilaza vespa ubavu juu ya gunia, akamimina dizeli katika tundu la plagi, akaiacha inywe. Kesho yake akaigongagonga silinda kwa kipande cha mti, polepole, mpaka ikakubali kutoka. Pistoni ilikuwa imepigwa mistari kama ukuta uliochezewa na paka.

Mansour alishuka barazani kuja kuangalia kwa karibu, mikono nyuma, kama daktari aliyeitwa.

"Imekuwaje hii?"

"Imechoka."

"Injini ya mtu anayeipakata kama mwana mchanga haichoki, Sheikh Talib. Hapa pana mtu." Akawageukia wenzake. "Hapa pana mtu, au hapana?"

"Pana," alisema Mzee Kheir, ambaye hakupata kubishana na Mansour, kwa sababu Mansour ndiye aliyekuwa akimlipia kahawa.

"Nami nitamjua. Siri ya mtaa huu ni kama papa kwenye mfuko wa plastiki."

Ijumaa, baada ya alasiri, Masoud alikuja. Shahida alikuwa amempa habari kuwa vespa ya baba yake imeharibika, naye akaona si uungwana kuisikia kwa mbali. Na safari hii alikuja kwa njia ya mbele. Talib alimwona akitokea kona, shati jeupe la kazini, hatua zake zikiwa kama za mtu anayevuka mto asioujua kina. Mansour alimwona pia, akapigapiga viwiko ubavuni, mbawa mbili. Kijana akajifanya hakuona.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Hawajambo?"

"Hawajambo." Alichuchumaa, akavitazama vyuma vilivyopangwa juu ya gunia. Uso wake ulikuwa mweupe wa kutojua. "Pole, baba. Imekuwaje tena? Maana mimi juzi nilipo..."

Talib alimwona Mansour akikishusha kikombe, na shingo ikirefuka. Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno ya kijana, lilibaki kutoka.

"Nilisahau kutia oili," alisema Talib kwa sauti.

"Nani kasahau?" aliuliza Mansour.

"Mimi. Niliporudi safari nilitia petroli tupu. Nikaipanda."

Halafu kicheko kikaanza kwa Mzee Kheir, kikapita baraza lote, kikavuka njia na kuingia duka la mkabala. Talib! Talib aliyekuwa akimkaripia kila mwenye chombo! Talib aliyemwambia muuza mkate kwamba asiyejua kutunza chuma atembee kwa miguu! Barazani, Mansour peke yake hakucheka. Alikuwa amefumba jicho moja, kama alivyokuwa akifanya zamani alipopima kitambaa.

"Mkavu," alisema hatimaye. "Mzee Mkavu."

Likakaa sawasawa, halikuhitaji hata kupunguzwa.

Masoud hakucheka. Alikuwa akiliangalia tangi. Alisogea karibu zaidi, na sauti yake ikawa ya chini sana.

"Baba, kwani oili yake hutiwa wapi?"

"Ndani ya petroli. Kabla haijaingia humo."

Talib aliendelea kufuta pistoni kwa kitambaa, asimtazame, ampe nafasi ya kufika mwenyewe.

"Kumbe," alisema Masoud.

"Kumbe."

Talib alikuwa amedhani kwamba uongo ule ungemuuma mara moja, kama sindano, kisha basi. Haukuwa hivyo. Jina lilimtangulia kila alipokwenda. Muuza pweza Darajani alimuuliza kama anataka mbichi au mkavu. Mtoto wa jirani, asiyejua hata kutamka vizuri, alimwamkia, "Shikamoo, Babu Mkavu." Hakumwitikia yeyote. Alipoitwa kwa jina lile, aliinama zaidi juu ya chuma chake, akasugua kwa msasa laini mpaka mistari ikaanza kufifia, na ndani yake akayahesabu maneno manne tu ambayo yangemsafisha: si mimi, ni mkwe. Maneno mepesi. Siku moja, baada ya Mansour kumkera mbele ya wageni wa msikitini, yalimpanda mpaka kooni. Alinyanyuka, akaingia ndani, akanywa maji, akakuta mkewe anatandua kitanda cha chumba cha juu ili akung'ute vumbi la godoro. Hakumuuliza ni cha nani. Alirudi nje.

Ijumaa iliyofuata Masoud alikuja tena, na Shahida. Shahida akapanda juu kwa mama yake, na sauti zao zikawa zinashuka dirishani, wakibishana ni chumba gani kinachopata upepo zaidi. Masoud alivua shati, akabaki na fulana, akachuchumaa bila ya kuambiwa.

Ringi mpya, zile pete mbili nyembamba zinazovikwa pistoni, zilikuwa zimepatikana. Kazi iliyobaki ilikuwa kuirudisha silinda juu ya pistoni, nayo ni kazi ya mikono minne: mmoja abane ringi kwa vidole zisitanuke, mwingine ateremshe silinda juu yake taratibu. Miaka yote Talib alikuwa akiifanya peke yake, kwa kuzifunga ringi na kipande cha uzi. Uzi ulikuwamo mfukoni. Hakuutoa.

"Bana hapa," alisema. "Kwa ncha za vidole. Usikaze sana, chuma hiki ni kama biskuti."

Masoud akabana.

"Mzee Mkavu!" Mansour aliita kutoka barazani. "Leo umeitia oili, au umeisomea dua tu?"

Baraza likaangua kicheko. Talib aliona masikio ya kijana yakiwaka, akaona mabega yakipanda.

"Baba, mimi siwezi," alisema Masoud. Akainua uso kuelekea barazani. "Jamani, hebu nisikilizeni! Huyu mzee mnamwonea bure. Mimi ndi..."

"Usiachie!" Talib alimkatiza. "Ukiachia ringi inavunjika."

Masoud akarudisha macho chini. Vidole vyake havikuachia.

"Si haki, baba."

"Ringi kwanza."

"Mkavu!" Mansour alikuwa amesimama sasa, mkono sikioni, akiwachekesha watu. "We Mkavu! Mtu mzima anaitwa, haitiki?"

Talib aliinua uso. Mikono yake aliiacha pale pale, juu ya ile ya mkwewe.

"Naam!" aliitika.

Baraza lilipiga makofi. Dirishani juu Shahida alichungulia kuona nini kinachochekesha, na Mansour, aliyekuwa amejiandaa kumwita tena, akakaa chini, akaomba kahawa.

Silinda iliteremka kidogo. Ringi ya kwanza ikaingia.

"Bado ya pili," alisema Talib. "Usiondoe mkono."