King'ora cha Damien

Kila asubuhi huchambua maharage mlangoni. Leo ungo uliniponyoka: king'ora kililia wimbo wa kwaya nyumbani kwa jirani yetu Damien. Nilikimbia.

Mota ya redio ya kaseti ilizungusha kifuniko cha ndoo chenye matundu, naye Damien akayapuliza kwa mrija. Kando yake, Noëlla wa kwaya alimwimbia kila noti ili arekebishe kasi. Matundu hayo tuliyatoboa mimi na Damien, kwa msumari wa moto.

"Dada Umurerwa, sikia!" Damien akaniambia. "Sauti ya Noëlla njo imekifundisha kuimba."

Noëlla akacheka. "Uso yako iko kama ya muntu amekula ndimu!"

Nilitaka kusingizia moshi wa jiko lao.

"Niko na wivu," nikasema. "Ni juu ya vile nakupenda, Damien."