Sahihi ya Kaimu

Mhandisi wa majengo aliichomeka kalamu yake kwenye ufa, akaisukuma kwa kidole, na kalamu ikazama yote ndani ya ukuta. Tukabaki tunapaangalia pale ilipopotelea. Mwalimu mkuu alikohoa kidogo, kama mtu aliyekutwa na wageni vyombo havijaoshwa, akasema ufa huo aliukuta.

"Aliukuta hivi?" mhandisi akaniuliza mimi, kana kwamba mwenyewe hayupo.

"Ulikuwa mwembamba," mwalimu mkuu akajibu. "Lakini hata mimi nilikuwa mwembamba nilipohamia hapa."

Siku nyingine ningecheka. Tulikuwa ghorofani, katika ukumbi wa mtihani wa jengo jipya la sekondari iliyokuwa fahari ya mkoa mzima. Madawati yalikwisha pangwa, kila moja limebandikwa namba ya mtahiniwa, na kesho yake asubuhi watoto wa darasa la mwisho walikuwa wapande ngazi zile waje kukaa humo kwa mtihani wa taifa. Ufa ulianzia chini ya dirisha, ukateremka hadi chini, ukaikata sakafu, ukaishia katikati ya safu za madawati.

"Litaanguka?" nikauliza.

Mhandisi alijipangusa vumbi. Alikuwa mtu wa maneno machache, na siku hiyo aliyapunguza zaidi. "Siwezi kukwambia litaanguka, mama. Siwezi kukwambia halitaanguka. Nipe vifaa na muda, nitajua."

"Mtihani ni kesho."

"Ndiyo maana nakwambia siwezi."

"Mwanao angekuwa anafanyia mtihani humu?"

"Mwanangu anasoma shule nyingine," akasema, akaanza kushuka ngazi. Nikaona anashuka kwa kunyata.

Wakati huo nilikuwa kaimu mkurugenzi wa elimu wa mkoa. Kaimu ni mtu aliyepewa kiti akaambiwa asiegemee. Walimu niliwapanga mimi, wazazi wenye hasira walinijia mimi, na makao makuu walipotaka mtu wa kumkemea, walinikemea mimi. Ila kila nilipotia sahihi, cheo changu kilitanguliwa na lile neno, Kaimu, na kwa kuwa ukaimu wenyewe ulikwisha ota mizizi, mkoani wakanibatiza Mama Kaimu. Watoto wa jirani walidhani ndilo jina nililopewa na wazazi wangu. Mume wangu alipenda kutania kwamba nikifa wataandika kaburini, "Kaimu Marehemu."

Na kile kiti nilikitaka. Nasema waziwazi, maana watu wakisimulia mambo kama haya hujifanya hawakuwa na tamaa yoyote, walikuwa wakitembea tu njiani wema ukawadondokea. Mimi nilikitaka hadi nikakiota. Muda mfupi kabla ya siku ile ya ufa, Katibu Mkuu wa wizara alinipigia simu mwenyewe akasema, "Jiandae, mama. Mwezi ujao tunakuthibitisha." Nililia msalani ofisini, bomba nimelifungua ili mhazili wangu asisikie. Wifi yangu akanunua kitambaa akampelekea fundi.

Sasa, jengo lile lilizinduliwa na Katibu Mkuu huyo huyo. Jiwe lenye jina lake lilikuwa ukutani, pembeni ya mlango, limepakwa rangi ya dhahabu. Nililipita wakati wa kutoka na sikuthubutu kulisoma.

Nilirudi ofisini nikamwita ofisa utawala, ambaye sote tulimwita Bwana Taratibu. Neno hilo alilitumia kwa maana zake zote mbili. Ukiwa na haraka, alikwambia taratibu, yaani punguza mwendo. Ukishapunguza, alikwambia taratibu, yaani kanuni zipo na sharti zifuatwe. Nilimweleza yote. Alinisikiliza akiwa amefumba macho.

"Ukumbi ule umekaguliwa na Baraza la Mitihani," akasema. "Kuwapeleka watahiniwa kwenye chumba ambacho hakijakaguliwa kunahitaji amri ya mkurugenzi wa mkoa, yenye sahihi yake. Wakihama bila amri hiyo, matokeo ya shule nzima yanafutwa."

"Amri nitaitoa."

"Kanuni inasema mkurugenzi, mama. Kaimu haikumtaja."

"Basi nampigia Katibu Mkuu anipe ruhusa."

"Taratibu," akasema, na safari hii sikujua anamaanisha lipi.

Katibu Mkuu alinisikiliza hadi mwisho, jambo ambalo halikuwa kawaida yake, na ndipo nikaanza kutoka kijasho chembamba. Aliniuliza kama mhandisi amesema jengo litaanguka. Nikasema hakusema hivyo. Akaniuliza amesema nini. Nikamwambia.

"Kwa hiyo unataka kutangaza, mkesha wa mtihani wa taifa, kwamba jengo nililolifungua mimi ni bovu, kwa sababu mtu mmoja amesema hajui."

"Nataka kuwahamisha watoto tu, mzee. Sitatangaza kitu."

"Ukiwahamisha umetangaza." Kisha sauti yake ikawa ya upole, na huo upole ndio ulionitisha. "Mama, umevumilia miaka. Usije ukaliharibu mlangoni. Mtihani unafanyika pale pale. Umenisikia?"

"Nimekusikia, mzee."

Kusikia nilisikia. Hakuniuliza kama nimekubali, na mimi sikumkumbusha aulize.

Jioni ile chakula kilipoa mezani. Mume wangu alikuwa mwalimu mstaafu, mtu wa masihara asubuhi hadi jioni, lakini nilipomaliza kumweleza aliweka kijiko chini na uso ukamsawijika.

"Mke wangu, lile jengo lina siku ngapi limesimama?"

"Sijui. Miaka."

"Na litasimama na hii wiki. Kaa kimya mpaka mwezi ujao. Ukishathibitishwa, lifunge, livunje, lifanye zizi la mbuzi, mimi nitakuja kukushikia nyundo."

"Na likianguka kesho?"

Aliniangalia kwa huruma, na niliona kwamba mwenzangu ananipenda na anaogopa, yote kwa pamoja. "Likianguka," akasema, "hakuna atakayesema ni wewe. Wewe ni kaimu."

Alikusudia kunifariji, baba wa watu. Lakini neno lile lilinichoma kuliko yote niliyoambiwa siku hiyo. Nilikwenda kulala na usingizi haukuja.

Asubuhi nilifika shuleni kabla ya kengele. Watahiniwa walikuwa wamejipanga chini ya ngazi, mashati yamepigwa pasi, rula mikononi, midomo inachezacheza kwa kukariri. Askari mwenye bunduki alilinda bahasha za mtihani. Msimamizi mkuu, mwalimu aliyeletwa kutoka wilaya nyingine, mwanamama mwenye miwani iliyofungwa uzi shingoni, alikuwa akihakiki sura na picha. Msichana mmoja mbele kabisa alinisalimia, "Shikamoo, Mama Kaimu," na wenzake wakamkanyaga mguu kwa kuona amenikosea adabu.

Nikamvuta msimamizi kando. Nikamwambia nataka watoto wakae bwaloni, kule nyuma, kwenye jengo la chini lenye paa la bati.

"Bwalo halijakaguliwa," akasema.

"Najua."

"Mama yangu, nikiwapeleka kule bila amri, karatasi zao zitafutwa. Watoto watapoteza mwaka na mimi nitapoteza kazi." Macho yake hayakukwepa. "Niletee amri ya mkurugenzi. Sahihi ya mkurugenzi. Ukinipa hiyo, nawahamisha sasa hivi."

Nilimtazama, kisha nikaitazama ile ngazi. Mtoto wa kwanza alikuwa amekwisha weka mguu kwenye kipandio cha chini. Nikaomba karatasi. Niliandika amri juu ya boneti ya gari la ofisi, nikaisoma, ikawa sawa. Nilipofika mahali pa sahihi, mkono kwa mazoea ulitaka kuandika lile neno langu la siku zote. Nikaunyanyua. Nikaushusha tena. Nikaandika: Mkurugenzi wa Elimu wa Mkoa. Nikatia sahihi.

Msimamizi aliisoma mara mbili. Alikuwa ameyasikia mwenyewe yale maamkizi ya msichana. Akaikunja, akaiweka kwenye jalada lake, akageuka na kupiga makofi: "Watahiniwa! Geukeni nyuma. Twende bwaloni."

Mwalimu mkuu alipanda ghorofani peke yake kubandua namba, akitembea kwa ncha za vidole, viatu mkononi. Aliporudi na namba zake alikuwa amelowa jasho kana kwamba ametoka kisimani.

Kipindi chote cha mtihani nilikuwa nikienda pale kila siku, na kila siku jengo lilikuwa limesimama. Siku ya pili ulivuma upepo wa kung'oa mabati. Likasimama. Siku iliyofuata ikanyesha mvua kubwa, watoto bwaloni wakawa wanaandika huku wamekinga karatasi kwa mikono, na jengo likasimama tu, kavu, tupu, linang'aa. Nami nilikuwa ndani ya gari, vioo nimepandisha, naomba lianguke. Ndiyo, niliomba. Halikuwa na mtu ndani, na lingeniokoa. Nilitaka nisikie mshindo mmoja tu, niweze kulala.

Halikuanguka. Mtihani ukaisha, bahasha zikaondoka, na mkoa mzima ukapata kichekesho. Sokoni nilisikia mtu akimwambia mwenzake aliyeogopa kuegemea kibanda, "Unaogopa nini, umekuwa Mama Kaimu?"

Nikaitwa makao makuu. Asubuhi ya safari, Bwana Taratibu alikuja ofisini kwangu, akasimama dirishani, akanipa mgongo.

"Msimamizi akitii amri yenye sahihi ya mkurugenzi, hana kosa," akasema, kama anayeongea na kioo. "Watahiniwa nao hawana kosa. Kosa ni la yule aliyejiita mkurugenzi. Lakini yeye mwenyewe akisema alipitiwa, akasahau neno kaimu, basi amri ilikuwa ya kaimu tangu mwanzo. Na amri ya kaimu kwenye jambo hilo ni karatasi tupu."

"Kwa nini unaniambia?"

"Nimesema taratibu tu, mama." Akatoka bila kuniangalia.

Chumba cha kikao kilikuwa baridi, mashine inapuliza. Alikuwepo Katibu Mkuu, alikuwepo mjumbe wa Baraza la Mitihani, na kijana wa kuandika muhtasari. Amri yangu ilikuwa mezani, imelainishwa mikunjo. Katibu Mkuu hakuwa na hasira. Ningependa kusema alifoka, ingenirahisishia kazi. Aliagiza niletewe maji.

"Mama, sisi ni watu wazima," akasema. "Nimeisoma hii karatasi. Asubuhi ile ulikuwa na haraka. Umeandikia juu ya gari. Neno moja limekuponyoka. Si ndivyo?"

Nikaitazama sahihi yangu pale mezani.

"Sema hivyo, kijana aandike. Tutaliita kosa la uandishi. Unapewa onyo, na yale mengine ya mwezi ujao yanaendelea kama nilivyokwambia." Akainama kuelekea kwangu. "Nakusaidia."

Na alikuwa akinisaidia kweli. "Na watoto?" nikauliza.

Mjumbe wa Baraza alishusha macho. Katibu Mkuu akasema, "Watarudia mwakani. Bado wadogo."

Kile kiti kilikuwa hapo, karibu kuliko kilivyowahi kuwa. Nilikiona na vitambaa vyake vya mgongoni. Nilimuona wifi yangu na nguo yake kwa fundi, nikamuona mume wangu akinishikia nyundo. Yule msichana wa mbele simkumbuki sura hadi leo. Nakumbuka tu wenzake walivyomkanyaga mguu, wakidhani jina lile ni tusi.

Kijana wa muhtasari alikuwa ameinua kalamu, anangoja.

"Sikusahau, mzee," nikasema.

"Fikiri, mama."

"Nimefikiri. Neno kaimu sikulisahau. Nililiacha. Nilitia sahihi kama mkurugenzi na nilijua mimi si mkurugenzi. Aandike hivyo hivyo."

Kijana alimwangalia bosi wake. Bosi wake aliniangalia mimi kwa muda mrefu, kisha akatikisa kichwa kumruhusu. Nikasikia kalamu inaandika.

Matokeo yalitangazwa, na shule ile ilikuwemo. Mimi nilivuliwa ukaimu kwa kosa la kujitwalia cheo, nikarudishwa darasani, na huko nikafundisha hisabati mpaka nikastaafu. Kiti alipewa Bwana Taratibu, naye wakampa ukaimu. Mume wangu alinuna kwa muda, halafu siku moja alimjibu mgeni mlangoni, "Subiri nikuitie Bi Mkurugenzi," bila kucheka, na hakuwahi kuniita vinginevyo tena mpaka Mungu alipomchukua.

Jengo lile lipo. Waliuziba ufa kwa saruji wakapiga rangi, na watoto walirudishwa ghorofani mwaka uliofuata. Niliandika kuuliza kama mhandisi alipewa vifaa vyake. Sikujibiwa.

Sasa ni mzee na naishi peke yangu, lakini asubuhi ya mtihani wa taifa huamka mapema nikawasha redio na kukaa karibu nayo. Watu wanaojua kisa changu hudhani nangoja kusikia kwamba nilikuwa na haki. Nami nakaa pale, mikono nimeikunja kifuani, habari zinasomwa moja baada ya nyingine, na maombi yangu ni hayo hayo kila mwaka: Mungu wangu, na iwe nilikosea.