Bwawa Lililokataa Kuganda

Asubuhi moja ya Julai 1934, Nekoye alitoka na ndoo kuchota maji ya jikoni, kwenye shamba la mzungu mmoja karibu na Timboroa, mwendo wa siku mbili kwa gari la ng'ombe kutoka Eldoret. Nyasi zilikuwa nyeupe kwa baridi. Maji ya ng'ombe yaliganda, na nguo zilizoanikwa zilikakamaa kama mbao. Bwawa peke yake halikuganda.

Aliyabandika maji jikoni kwa Memsahib, mke wa Bwana mwenye shamba. Yalichelewa kuchemka mpaka kuni za asubuhi zikaisha. Akayaonja. Yalikuwa na ile chumvi ya majivu ya maganda ya maharagwe, ambayo watu wa kwao Bukusu huitia kwenye mboga. Mumewe, Wepukhulu, ndiye aliyeichuja nyumbani, na kila mara aliizidisha.

Mwezi wa tano ukingo wa bwawa uliporomoka, na jioni watu watano waliokuwa wakichimba pale, Wepukhulu mmoja wao, hawakuitikia majina yao. Bwana akaandika kwamba wametoroka. Mke wa mtoro alipewa mpaka mwisho wa Julai kuhama kibanda.

Nekoye alimpelekea nyapara Shitanda kikombe cha maji hayo.

"Onja."

Shitanda akaonja, akatema, akaonja tena. "Huyu ni Wepukhulu kabisa. Na huyu wa tumbako ni Kipyego, aliyekuwa akichimba naye."

"Sasa?"

"Sasa nini, shemeji? Twende kwa Bwana."

Bwana hakubisha kwamba watu wamo majini. Wiki hiyo malori ya majirani yalipasuka rejeta, tangi la maji ya kupoza injini, alfajiri kwa barafu, na yaliyopona yalichemka njiani yakipanda Timboroa. Lake, lililojazwa maji ya bwawa, halikuganda wala halikuchemka. Akafungua daftari, akafuta "watoro", akaandika "wako kazini".

"Fungua bwawa maji yatoke," Nekoye akasema. "Nataka nimzike mume wangu."

"Wewe taka zika nini?" Bwana akauliza. "Mtu hapana iko. Iko maji tu."

Hakuna aliyeshangaa. Mambo mabaya kuliko hayo yalikuwa yameshaitwa sheria.

Kwa kuwa mumewe hakuwa mtoro tena, Nekoye aliachiwa kibanda, kwa sharti kwamba kila alfajiri achote maji ya lori. Shitanda alimwambia ana bahati. Nekoye akammwagia kikombe miguuni.

Agosti baridi ilizidi. Kando ya bwawa pakatokea barafu nyembamba kama kioo. Bwana akaivunja kwa kidole, akamwita nyapara.

"Sasa taka ngapi?"

"Bwana, mimi sijui ni nani anayefaa..."

"Nani na nani hapana maneno. Maji hapana uliza jina. Ngapi?"

Kesho yake wanaume sita waliitwa kuchimba chini ya ukingo. Wa mwisho kushuka alikuwa Nyongesa, mdogo wake Wepukhulu, aliyekuja shambani kumtafuta kaka yake.

"Nyongesa, rudi!" Nekoye akaita.

"Nirudi wapi, shemeji? Nyapara ana kiboko." Akacheka kidogo. "Kwani chumvi imepungua?"

Siku ya tatu barafu ilikuwa imeondoka. Lori lilipanda Timboroa bila kusimama hata mara moja. Kwenye daftari Bwana aliandika kumi na moja, bila majina.

Nekoye alichota, akaonja, akasimama pale na ndoo mpaka akawataja wote, mmoja mmoja. Wa mwisho alikuwa bado na ladha ya udongo. Halafu akabeba maji akayapeleka kwenye lori.