Trekta la Mvuke na Lami ya Nimule

Mume wangu Edrine aliniahidi kwamba siku trekta la mvuke litakapotoka uani kwetu kwa nguvu zake lenyewe na kukanyaga lami ya barabara ya Nimule, ile iendayo Uganda, tutafunga mizigo turudi kwetu Masaka. Aliahidi mbele ya Severino, mwenye trekta, na mbele ya sufuria ya matoke. Mimi ni mwepesi wa kuamini chakula kikiwa tayari, nikakubali. Huo ulikuwa mwaka wa kwanza. Sasa tuko wa nne.

Kwa asiyelijua, trekta hilo ni chuma kikuukuu chenye pipa la maji tumboni, tanuri la kuni nyuma, bomba la moshi mbele, na magurudumu ya nyuma yanayonizidi kimo. Zamani lilikokota magogo kwenye kiwanda cha mbao huko milimani, na baba yake Severino ndiye aliyelilisha kuni. Severino mwenyewe alikulia ukimbizini Uganda. Aliporudi huku kwao alilikuta limemezwa na vichaka, akalileta hapa Gumbo, mtaani kwetu, juu ya lori, kwa sababu kati ya mafundi wote wa kuchomelea aliowaendea, Edrine peke yake hakumcheka.

Mimi nilicheka. Halafu nikanyamaza, maana lilikaa pale nilipokuwa nikianika nguo, na mume wangu akaanza kuliongelesha.

Nauza matoke kando ya barabara hiyohiyo ya Nimule. Malori ya Uganda yakishusha mikungu, huwa nanusa majani yake kabla sijauliza bei. Yana harufu ya shamba la mama yangu baada ya mvua. Wateja hudhani nakagua mzigo. Nalilia kwetu, wala sioni haya kusema. Wahenga walisema mkataa kwao mtumwa, na mimi sijakataa kwetu hata siku moja.

Kwa hiyo nililivumilia trekta. Edrine alikuwa akimaliza mageti na madirisha ya wateja, kisha analigeukia. Alibadilisha mabomba yaliyooza moja baada ya jingine. Alikata mabati yaliyoliwa na kutu akachomelea mapya. Alilijaza maji baridi akayasukuma kwa pampu ya mkono ili aone panapovuja, akaziba, akasukuma tena. Nikaona kweli mtu huyu anataka kunirudisha nyumbani. Mwisho kikabaki kitu kimoja tu: vali ya usalama, ile inayoachia mvuke ukizidi ili pipa lisipasuke. Ilikuwepo, akasema, ikapotea. Bila vali hawashi moto. Hapo sikubishana naye. Hata muuza ndizi anajua hatari ya chungu kilichozibwa.

Akaitafuta kwa wauza vyuma chakavu wa Gumbo. Akavuka daraja akaitafuta soko la Konyokonyo. Akapiga simu Kampala. Mwaka ukaisha. Kila Jumapili tukitoka kanisani nilimuuliza vali iko wapi, naye kila Jumapili alijibu vilevile.

"Inatafutwa, Mama Pearl."

Pearl alikuwa binti yetu. Alizaliwa hapa Gumbo na akafia hapa, kwa malaria, Julai ya mwaka 2016, wiki ya mapigano, akiwa na miaka saba. Barabara ya Nimule ilikuwa haipitiki. Kwetu maiti hurudishwa nyumbani na kulazwa kwenye shamba la ukoo kando ya babu zao. Aliyelazwa ugenini ni kama mgeni aliyeachwa mlangoni. Sisi tulimlaza nyuma ya kanisa, harakaharaka, risasi zikisikika ng'ambo ya mto. Sanduku lake la bati la shule nikalisukuma chini ya kitanda. Sikulifungua tena, na Edrine alijua kwamba sitalifungua.

Mwezi uliopita mvua ilivuja, maji yakajaa chini ya kitanda. Nikalivuta sanduku ili lisioze. Kitu kizito kikabingirika ndani. Vitabu vya mtoto havibingiriki. Nikafungua, na juu ya sweta la Pearl, imefungwa ndani ya shati kuukuu la mume wangu, nikaikuta vali. Ilikuwa inang'aa, imepakwa oili.

Nilikaa sakafuni palepale, kwenye maji. Hasira ilinipanda hadi masikioni. Mwaka mzima mwanamume huyu ananipiga chenga, na mlinzi aliyemweka ni mtoto wangu!

Jioni sikugomba. Niliiweka vali kwenye sahani yake, nikaifunika kwa sahani nyingine, nikamwita aje kula. Akafunua.

"Umefungua," alisema.

"Nimefungua."

"Sweta limelowa?"

"Kidogo. Usinitoe kwenye mada, Baba Pearl."

Akaifunika tena vali, taratibu. "Tukienda," akasema, "nani atamfagilia kaburi?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa uongo. Kwa hilo sikuwa nimejiandaa. Nililia, naye akalia, chakula kikapoa jikoni. Baadaye nikamwambia tutachukua udongo wa kaburi, tutaufukia kando ya babu yake Masaka, padri ataubariki, na hapa tutamwachia Nyandeng muuza chai ufagio. Nikamwambia pia kwamba ahadi ni deni. Akatikisa kichwa kukubali.

"Jumamosi nawasha moto," alisema.

Jumamosi nilikwenda kanisani mapema, nikafagia, nikachota udongo kwenye kopo la maziwa. Niliporudi, mizigo yetu ilikuwa mlangoni imefungwa kamba, na Severino alikuwa amechuchumaa mbele ya tanuri akiwa na gogo mkononi.

"Mzee yangu alikuwa naweka kuni hapa, hivi hivi," aliniambia. "Leo ni mimi. Naona hii kitu iko kwes, iko nzuri kabisa."

Maji yalichukua saa nyingi kupata moto. Kufika mchana vali ilianza kupumua, na Edrine akavuta wenzo. Trekta likatikisika, likaguna, likaenda. Nitasema kweli: lilikuwa zuri. Severino alikuwa anacheka huku machozi yanamtoka. Majirani walijipanga pande zote mbili, na mimi nikatangulia mbele, nikirudi kinyumenyume na kopo langu kifuani, nihakikishe njia ni nyeupe.

Zilibaki hatua ishirini kufika kwenye lami. Zikabaki kumi. Nyandeng akaona nimesahau kwamba lile dude linanifuata, akapaza sauti kutoka kwenye meza yake ya chai.

"Mama Pearl, toka njiani! Ya Mama Pearl!"

Na wengine wakaitikia, wa boda, wa maji, hata yule tunayegombania naye kivuli sokoni: Mama Pearl, Mama Pearl.

Masaka hakuna aliyemwona Pearl. Dada zangu wanaijua picha moja tu kwenye simu. Huko nitaitwa Teopista, kama siku niliyoondoka, na watanihurumia kama mwanamke asiyewahi kuzaa. Hapa hata anayenitukana, anamtukana mama yake Pearl.

Nikainua mkono. "Simamisha."

Edrine akasimamisha. Gurudumu la mbele lilikuwa bado kwenye tope. Kati yake na lami pangeweza kukaa kiganja changu.

"Nini, mama?" Severino akauliza.

"Magurudumu ya chuma yatachimba lami," nikasema. "Trafiki watatusumbua."

Malori ya magogo yanaichimba lami hiyo kila siku na hakuna anayesumbuliwa. Wote walijua. Edrine akalirudisha trekta nyuma hadi uani.

Lilipopoa aliifungua vali, akaifuta, akaniletea bila kuombwa. Sweta la Pearl lilikuwa limekauka. Nikaifunga vali kwenye lile shati, nikairudisha sandukuni, nikalisukuma sanduku chini ya kitanda. Udongo niliupeleka ulikotoka.

Jumapili, tulipotoka kanisani, Severino alitusubiri getini. Alitaka kujua ni lini sasa trekta litakanyaga lami. Edrine akanitazama.

"Vali imepotea tena," nikamwambia Severino. "Inatafutwa."