Jani la Isale kwenye Pipa la Moto

"Zima! Zima feni, Zita, pipa linaungua!"

Ubavu wa pipa ulikuwa umeanza kuiva na kuwa mwekundu. Primus, fundi wa Njoro anayeyeyusha alumini na kuimimina kuwa sufuria, alirudi nyuma akijifuta jasho. Zita, mfinyanzi wa Rau aliyelisiriba ndani pipa lile la kuyeyushia kwa udongo wake mwenyewe, alitamani ardhi ipasuke immeze. Hii ilikuwa mara ya pili. Udongo ulikuwa umenywea na kupasuka kama kisigino cha mkulima, moto ukapenya hadi kwenye bati.

"Dada Zita, nakuheshimu," alisema Primus. "Ila likiungua jingine natafuta mtu mwingine."

Zita alipanda mlimani kwa mama yake, moyo mzito. Siri ya udongo wake ilikuwa maganda ya kahawa: yakiungua yanaacha vitundu, na vitundu ndivyo vinavyozuia joto. Sasa mbona vilikuwa vinajifunga? Kahawa ndiyo iliyowasomesha wote pale nyumbani, nani angeishuku?

Mama alikuwa jikoni anapika kiburu, ndizi kwa maharage, na maharage yalikuwa yamegoma kuiva. Alichota majivu ya maganda ya kahawa, akayachuja kwa maji, akamimina yale maji chunguni.

"Mama, si utie magadi?"

"Yameisha. Na haya ni magadi yale yale, mwanangu. Ngoja uone yatakavyolainika."

Zita aliduwaa, kisha akacheka mpaka mama akamgusa paji la uso kuona kama ana homa. Kumbe magadi ya majivu ya kahawa ndiyo yaliyokuwa yakiulainisha udongo motoni, ukalegea, vitundu vikafumba!

Kesho yake alishuka tambarare kutafuta pumba za mpunga, ambazo huacha vitundu vilevile lakini majivu yake hayana magadi. Akaenda kwa Primus na udongo mpya, na mkononi jani la isale, ambalo Wachaga huombea msamaha. Mtu akikujia na isale humfukuzi, hata kama amekuunguzia mapipa mawili.

Primus alilipokea, akaguna. "Umeniweza. Haya, siriba."

Jani akalitia kwenye kopo la maji dirishani. Udongo ulipokauka vizuri, wakawasha moto. Feni ikavuma, alumini ikaanza kuyeyuka, na Zita akageukia ukutani kwa woga.

"Hebu geuka," alisema Primus.

Alikuwa ametoa lile jani koponi na kulilaza ubavuni mwa pipa, akalikandamiza kwa kiganja. Alumini ilikuwa imekuwa maji matupu. Kiganja hakikuondoka, na chini yake jani lilikuwa bado kijani.