Kipande cha Shomari

Karani Wilbert hakuinua kichwa. "Jina?"

"Shomari bin Sadallah."

"Ndiye wewe?"

Wanaume waliokuwa nyuma ya Chausiku kwenye foleni wakacheka. Yeye alikuwa amesimama juani tangu saa mbili, viganja kavifunga vitambaa.

"Ni mume wangu. Siku kumi na mbili kafanya yeye, kumi na nane nimefanya mie. Nyapara Gozbert anajua."

Wilbert akapitisha penseli kwenye daftari. "Shomari kalipwa jana jioni. Kaja mwenyewe, kaweka dole gumba. Haya, mwingine."

Katika shamba lile la minazi, nyuma ya Msasani, wanawake hawakupewa kipande. Kipande, kadi ya vyumba thelathini vya kutiwa alama, kilikuwa cha Shomari. Baada ya siku kumi na mbili alilalamika mgongo, akaenda kuuguzwa Temeke kwa mke wake mdogo, Mwamvita. Vyumba visipojaa kwa wakati, hata siku zilizokwisha kufanyiwa kazi hupotea. Gozbert ndiye aliyemwambia Chausiku, "Kadi haina macho. Fua nazi mia tatu kwa siku, kadi ibaki kwangu, mie nitatia alama." Akafua. Kila asubuhi aliikita nazi kwenye ncha kali ya kifuo kilichosimikwa ardhini, akaibandua makumbi, mpaka vyumba vikajaa.

Sasa alirudi nyumbani mikono mitupu. Njia nzima hakuziwazia shilingi. Aliiwazia Temeke. Alimwona Mwamvita akikaanga samaki kwa mafuta mengi, Shomari kalala mkekani anamchekesha, na kila kipande cha samaki kimetoka katika mabega yake yeye. Mie hajanichekesha tangu mwaka juzi, aliwaza.

Kesho yake alfajiri alikwenda mjini kwa miguu, ofisi ya kazi. Alikaa kwenye benchi hadi adhuhuri. Mzungu mwenye ofisi alikuwa akiandika. Mkalimani wake, Apolinari, kijana wa bara mwenye kaptula iliyopigwa pasi, alisimama kando.

"Bwana anauliza, kipande chako kiko wapi?"

"Ni cha mume wangu."

"Basi mwenye kipande kalipwa. Mwajiri hadaiwi."

"Na mie niliyefanya kazi?"

Apolinari akatafsiri. Mzungu akasema neno moja fupi, kalamu haikusimama.

"Anasema ulimsaidia mumeo. Hilo la nyumbani. Nenda kwa liwali."

Kwa liwali, karani wa baraza alimwuliza kama mumewe amekataa kumlisha na kumvisha.

"Hajakataa. Hayupo."

"Basi msubiri arudi."

Alimsubiri wiki tatu. Shomari hakurudi. Unga ulipokwisha, Chausiku aliimeza haya yake, akaenda shambani kumwomba Gozbert amjazishe kadi ya mwanamume yeyote.

Akakuta mtu kwenye kifuo chake.

"Shomari kachukua kipande kingine," Gozbert alisema. "Mkewe ndiye anayefua."

"Mkewe ni mie."

"Na huyu kasema hivyo hivyo. Mie nahesabu nazi, sihesabu wake."

Mwamvita aliinuka, akajipangusa jasho. Kanga yake ilikuwa imepauka, miguu peku. Chausiku alimkagua toka kichwani hadi kwenye kucha akitafuta kitu kipya, bangili, hereni, chochote, asikione.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba."

"Mgongo bado unamsumbua. Jana usiku hakulala, nilikuwa namkanda." Alisema hivyo kwa urahisi, kama anayezungumzia mtu wake peke yake. "Kaniambia nimjazie vyumba vilivyobaki, kikiisha atanipa changu." Akasogea karibu, akapunguza sauti. "Wewe ulifanya hapa, dada. Hawa wanalipa kweli?"

Chausiku alimtazama. Jana usiku. Nilikuwa namkanda.

"Wanalipa," alisema. "Tena wanalipa vizuri. Fua upesi, siku zisikupite."

"Ahsante, dada. Mungu akuweke."

Mwamvita akajifunga kanga kiunoni, akainua nazi kwa mikono miwili, akaikita. Chausiku hakuondoka. Alikaa juu ya rundo la makumbi akamhesabia: moja, mbili, tatu.