Nusu Saa Kutoka Ikungi

Nyumba ya Hajira pale Singida mjini haikuwahi kukosa watu. Kama si mgeni wa kutoka Mgori aliyekuja kutibiwa, basi ni jirani aliyekuja kuazima kinu akasahau kuondoka. Alikaanga maandazi barazani kwake tangu ujana, na kila aliyenunua andazi aliondoka na habari juu yake, bure. Ukitaka kujua nani kaposwa, nani karudishwa kwao, nani kanenepa ghafla na kwa nini, unapita kwa Hajira. Na hakuwa na roho mbaya, haki ya Mungu. Hakuweza tu kumpa mtu habari ikiwa kavu. Lazima aipake mafuta kidogo.

Sasa asubuhi hiyo ya mwezi wa nane alikuwa amekaa kiti cha nyuma katika Noah ya Luqmani, kuku wanne miguuni, dumu la mafuta ya alizeti ubavuni, anaelekea Mitundu na hana la kusema. Mbele, kando ya dereva, alikaa wifi yake Mwantum, mjane wa kaka yake Ahmadi. Luqmani, mtoto wa Mwantum, alishika usukani kama anayeogopa utamponyoka.

Mwantum alikuwa ametoka ndani wiki iliyopita tu. Miezi minne na siku kumi za eda, kisha bado akakaa wiki kadhaa bila kuvuka kizingiti, mpaka watu wakaanza kuulizana. Wote walidhani akitoka ataanzia kwa ndugu zake Kondoa. Mwenyewe akasema anakwenda Mitundu kwa binti yake Zabibu, ana swali moja tu la kumuuliza, na akishajibiwa atajua kama bado ana binti au hana.

Hilo swali hakuna mtu wa mtaa ule asiyelijua. Ahmadi alifariki alfajiri, mwezi wa tatu, mvua ikiwa inaendelea. Zabibu ameolewa na Mughwai, kijana wa Kinyaturu ambaye kwao ni Ikungi ila analima huko Mitundu. Akapigiwa simu, akasema anakuja. Maziko yakapangwa baada ya adhuhuri. Saa sita Zabibu akapiga, na aliyepokea ni shangazi yake Hajira, nyumba imejaa, vilio kila chumba. Hajira akatangaza uani kwamba mtoto yuko Ikungi, nusu saa anaingia, tumsubiri. Wakasubiri nusu saa. Wakasubiri saa nzima, na nyingine tena. Simu yake haipatikani. Wazee wakasema maiti haicheleweshwi kwa sababu ya mtu ambaye yuko hapo Ikungi na haji. Wakazika.

Zabibu hakufika siku hiyo, wala siku ya tatu, wala arobaini. Tangu hapo kimya. Mwantum alipiga mara moja, haikupokelewa. Ukaja ujumbe wa maneno mawili: Mlishazika, basi.

Na hapo ndipo barazani kwa Hajira habari ilipoanza kupakwa mafuta. Mtu yuko Ikungi na haji, anafanya nini? Si yuko kwa wakwe. Wiki ya kwanza Hajira alisema huenda alipita kwa wakwe. Wiki ya pili, ameonekana kwa wakwe. Kufika arobaini, Zabibu alikuwa amekaa mbele ya duka la wifi zake, anakunywa soda kwa mrija, na baba yake yuko juu ya kitanda anasubiri udongo. Hajira aliisimulia mpaka akaiamini.

Walipofika Ikungi, Mwantum alimwambia mwanawe apunguze mwendo. Akatazama maduka ya upande wa kushoto, kisha ya kulia.

"Ni duka lipi, wifi?"

"Duka gani?"

"Alilokaa akinywa soda."

Hajira akanyoosha kidole kwa la kwanza aliloliona, lenye milango ya buluu. Mwantum akaligeukia mpaka likapotea nyuma yao, kama mtu anayesoma jina kwenye kaburi. Hajira akajiambia kwamba ni vizuri, mtu akishaona mahali moyo unatulia.

Wakapita Issuna. Upepo ulikuwa ule wa Singida unaosukuma gari kama unalidai. Pale Mkiwa, mahali barabara ya Itigi inapochepuka, Luqmani alisimama atazame tairi, na simu ya Hajira ikaita. Ni Eliza, jirani yake aliyeachiwa baraza na karai, anataka kujua wamefika wapi.

"Ndiyo tunakata kona hapa, tunaelekea Itigi."

"Bado mko Ikungi?" Eliza akashangaa. "Mmeondoka saa moja, gari limeharibika?"

"Itigi, mama. Itigi."

"Ndiyo, nimesikia, Ikungi. Sasa mtafika saa ngapi?"

Hajira akakata simu bila kuaga, jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu anunue simu.

Ikamrudia ile sauti ya mwezi wa tatu, katikati ya vilio na upepo. Shangazi, nimefika... nisubirini. Alikuwa amefika wapi? Mvua ile, malori yanazama kwenye tope, mtu katoka Mitundu alfajiri, saa sita ya mchana angekuwa Ikungi kwa mabawa gani? Angekuwa Itigi. Alisema Itigi. Na wangejua ni Itigi wangesogeza maziko mpaka alasiri, na mtoto angeuona uso wa baba yake.

Jasho likamtoka na upepo wote ule.

Luqmani akaingia garini, akasema, kama anaongea na usukani, kwamba siku ile Zabibu alimpigia kwa simu ya mtu mwingine, saa tisa na kitu, akisema yuko Mkiwa hapa. "Nikamwambia tumekusubiri mpaka basi, tumeshazika. Akakata. Nimejiuliza miezi mitano, mtu wa Ikungi alirudi Mkiwa kufanya nini?"

Mwantum akafunga kioo cha dirisha lake. Hajira naye, ambaye hakuna swali mjini lililowahi kumpita, hili aliliacha lipite.

Barabara ikaingia kwenye vichaka vya Itigi, vile vilivyoshikana mpaka mbuzi hapiti. Hajira alihesabu njia zake. Akinyamaza, Mwantum atauliza swali lake, Zabibu atasema hakuwahi kuwa Ikungi, mama ataona anadanganywa usoni, na hapo ndipo watakapoachana kweli. Au atamwamini, na wote wawili watamgeukia yeye. Akisema, kwa kaka yake ndiyo basi. Nyumba ile ndimo alimozeekea, watoto wale wakimvuta kanga. Wifi mwenyewe walishachanganya masufuria, hajulikani lipi la nani. Na mjini atakuwa nani? Hajira mwongo. Andazi litanunuliwa, lakini habari nani atataka?

Wakala wali Itigi karibu na reli, yeye asiguse. Wakashika njia ya Mitundu. Vumbi likawafunika, na wakati kuku wamelala, ndipo alipogusa bega la kijana.

"Luqmani, baba, simama kando."

Alidhani anataka kujisaidia, akasimama.

"Wifi," Hajira akasema, "Zabibu hakuwa Ikungi. Alisema Itigi. Nyumba ilikuwa imejaa, watu wanalia, mimi nikasikia Ikungi. Nimejua leo, pale Mkiwa, Eliza aliponisikia vibaya kama mimi nilivyosikia."

Luqmani akapumua kwa nguvu. Kijana ana huruma, ameitoa kwa baba yake. Akasema haraka kwamba huo ni mtandao, shangazi, upepo, hapo hakuna kosa la mtu. Mlango ukawa wazi kabisa. Hajira angeweza kupita na kanga yake isiguse bawaba.

Mwantum hakugeuka. "Na ile soda?"

"Hakuna soda, wifi."

"Na mrija?"

"Nilitunga. Nilianza kwa 'huenda', sijui ilifikaje kwenye mrija. Na lile duka nililokuonyesha asubuhi, hata mwenye nalo simjui."

Mwantum akafungua mlango, akashuka, akasimama akiwa amevipa vichaka uso na gari kisogo. Upepo ulimvuta kanga, akaibana kwa meno. Alikaa hapo mpaka kuku mmoja akaanza kulalamika. Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu na sauti imetulia mno.

"Miezi mitano," alisema, "nimemchukia mwanangu kwa sababu ya mrija."

Akafunga mlango. "Twende."

Luqmani akawasha gari, na hakulisimamisha tena mpaka Mitundu.

Zabibu alikuwa uani anapura alizeti, fimbo mkononi, mtandio umejaa makapi. Aliliona gari la kaka yake likiingia na hakukimbia kulilaki wala hakukimbia ndani. Alisema shikamoo mama kama anavyosalimiwa mwalimu aliyewahi kumchapa mtu. Alikuwa amekonda.

Mwantum alikuwa mjane, na desturi iko wazi: mjane ndiye anayepewa pole na watoto. Yeye akamwendea binti yake kwa mikono miwili mbele.

"Pole, mwanangu. Umefiwa na baba yako na hakuna mtu aliyekuja kukuhani."

Zabibu akatazama ile mikono. Fimbo ikamtoka. Akakaa palepale, juu ya vichwa vya alizeti, na mama yake akakaa naye na nguo yake ya kutokea eda, na mlio uliosikika hapo Hajira aliujua. Ulikuwa kilio cha siku ya kwanza ya msiba, kibichi, kimechelewa miezi mitano njiani. Luqmani akachuchumaa mbele ya dada yake, akawa anasema kitu kuhusu ile simu, akikatwa na kwikwi zake mwenyewe.

Hajira alibaki garini na kuku. Alisikia vipande: Itigi, lori, chaji iliisha, nilisimama Mkiwa mpaka jua likazama. Akasikia jina lake. Akainama, akaanza kufungua kamba za kuku, kisha akazifunga tena, kisha akazifungua. Aliwaza basi la kurudi hupita saa ngapi. Aliwaza jinsi ya kuingia mjini mchana watu wanamwona.

Ikapita saa nzima. Mughwai alirudi kutoka shamba, akaingizwa kwenye kilio, akatoka kuchinja jogoo. Ndipo Zabibu akaja, akasimama kwenye mlango wa gari, uso umevimba.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama anasema ulisimamisha gari mwenyewe."

"Nilisimamisha."

"Ungenyamaza, nani angejua?"

"Ningepasuka."

Zabibu hakucheka. "Nimekukasirikia, shangazi. Tena nimeanza tu leo, kwa hiyo nina safari ndefu."

"Kasirika. Mimi sina haraka."

"Ila shuka." Akachukua kuku wawili, akawaning'iniza kila mmoja mkono wake. "Nimewauliza hawa habari za siku ile. Mama anasema hakumbuki kitu, alikuwa kama amelewa. Luqmani kila nikimuuliza anasema tulizika. Tulizika, tulizika, kwani nyie mlizika punje ya mahindi? Wewe ndiye uliyekuwa kila chumba. Njoo unisimulie, tangu alfajiri. Usiache kitu. Na usitie chumvi."

Wakatandika mkeka ukutani, upande usiopigwa na upepo. Mwantum akasogea kidogo. Hakumwangalia wifi yake, lakini alisogea, na nafasi aliyoiacha ilitosha mtu wa unene wa Hajira.

Katika maisha yake yote hakuwahi kufanya kazi ngumu kama ile. Kila sentensi ilitaka kuinuka na kucheza. Akasema kufika saa mbili watu walikuwa wamejaa mpaka barabarani. Akajirudi, akasema hapana, walijaa uani tu, barabarani zilikuwa ni bodaboda walizokuja nazo. Akasema kadhi mwenyewe alilia. Hapana, alijipangusa, kulikuwa na moshi jikoni, hawezi kuapa. Mwantum, macho yako chini, akamsahihisha kwamba bodaboda zilikuwa tatu na moja ni ya muuza maziwa. Kumbe kuna anachokumbuka.

"Nirudishe alfajiri," Zabibu akasema. "Ulikuwa chumbani?"

"Nilikuwa miguuni pake. Mama yako alikuwa kichwani."

"Uso wake ulikuwaje?"

Jibu la swali hilo Hajira alikuwa nalo tayari, Singida nzima wanalo, wamelichukua barazani pamoja na maandazi. Kwamba marehemu alitabasamu, na chumba kikawa kama kimewashwa taa. Likamjia mpaka kwenye meno. Akalimeza.

"Hakutabasamu, mwanangu. Alikuwa amekunja kipaji cha uso kidogo, upande huu wa kulia. Kama vile alivyokuwa akisikiliza redio, betri zikiwa zimekaribia kuisha."

Zabibu akapeleka vidole kwenye kipaji chake mwenyewe, upande wa kulia, akavibonyeza hapo.

"Huyo ndiye baba," alisema.

Machozi yakaanza tena, ila safari hii polepole. Mama yake akamvuta, kichwa kikatua pajani. Mwantum akawa anamtoa makapi ya alizeti kwenye nywele, moja moja, anayaweka pembeni ya mkeka.

"Endelea, shangazi," Zabibu akasema kutoka hapo chini. "Sanda alileta nani?"